Ghala la Watu

Sina desturi ya kukaa mbele ya televisheni. Jioni zangu huliwa na madaftari ya wanafunzi, na michezo inayobuni mambo ya siku zijazo niliidhani kuwa kelele za mitambo tu. Likizo moja mdogo wangu alinisihi nitazame sehemu ya kwanza ya Silo, mchezo wa mfululizo ulioanza kuonyeshwa Mei 2023, uliotokana na riwaya za Mmarekani Hugh Howey. Nilikubali ili anyamaze. Ulipokwisha, niliyenyamaza ni mimi.

Silo ni ghala refu la nafaka. Lakini ghala hili limezama chini ya ardhi, na kilichohifadhiwa ndani yake ni watu 10,000. Orofa zake ni 144, nazo zimeunganishwa kwa ngazi moja ya kuzunguka, lifti hakuna. Wakazi hawajui nani aliyelijenga wala kwa nini. Huambiwa kwamba hewa ya nje ni sumu, na ushahidi wao ni kioo kikubwa kinachoonyesha vilima vilivyokufa. Kumiliki vitu vya kale ni hatia. Atamkaye kwamba ataka kutoka hupewa haja yake, wala hawezi kulirudisha neno lake: huvishwa vazi, hukabidhiwa kitambaa cha kufutia jicho la kamera, na wenzake humtazama akianguka.

Allison, mke wa mlinzi mkuu wa sheria, alianza kwa swali moja: mbona hapati mimba? Akaja kugundua kwamba kizuizi cha uzazi alichoambiwa kimetolewa mwilini mwake kilikuwa kingalimo. Swali hilo likazaa mengine. Hakusimama ngazini akapiga kelele kwamba wakubwa ni waongo. Kwanza alitafuta, akaona katika kompyuta picha za nchi ya kijani yenye ndege. Hata hivyo nilimwogopea. Picha zaweza kudanganya, na kioo chaweza kudanganya. Yeye alikuwa na roho moja tu ya kujaribia.

Mchezo una kasoro zake. Giza limezidi, hata nilidhani stima imepungua nguvu. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa giza.

Muhula uliotangulia tulikuwa tukisoma habari za Fumo Liyongo, jinsi mwanawe alivyomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Mvulana mmoja wa kidato cha pili akanyosha mkono: "Mwalimu, nani alikuwapo akaona?" Kengele ilikuwa karibu kulia, na kazi ya muhula haijafika nusu. Nikamjibu kwamba hilo halimo katika mtihani. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nalo. Mkono ule sikuuona tena juu hadi tulipofunga shule.

Tulipofungua nilimwita kando, nikamwomba aniulize tena swali lake la Liyongo, tulitafutie jibu pamoja. Akanitazama kidogo, kisha akainamisha macho.

"Nimelisahau, Mwalimu," akasema.