Mwito wa Nyumba Nzima

Katika vitabu vya kanisa mwito huandikwa kwa jina la mtu mmoja. Fulani aliitwa mwaka fulani, akasoma chuo fulani, akapangiwa mtaa fulani. Mke wake hutajwa kwa neno moja, na watoto huandikwa kwa idadi yao. Siwalaumu waandishi wa vitabu hivyo, maana kitabu kina kurasa zake. Lakini kwa kuwa nimeishi miaka mingi ndani ya mwito usioandikwa kwa jina langu, nimeona vema niseme kidogo jinsi unavyoonekana ukiutazama kutoka jikoni.

Sisi ni watu wa Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi. Ni mahali pa migomba, kahawa na mifereji ya maji. Kwetu neno mwito lina historia, tena historia yenye damu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, si mbali na kwetu, wakiwa wamefika siku chache tu, na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao waliuawa pia. Wajerumani walilipiza kisasi kwa ukali mkubwa. Hata hivyo mwaka 1902 misioni ilirudi, ikafungua kituo Nkoaranga. Kutoka kituo hicho likaota kanisa, ikaota shule, ikaota na hospitali.

Mtoto aliyekulia kwetu alijifunza mapema kwamba kuitwa ni kuacha kwenu na kwenda kwa watu wasiokujua, na huenda hawakutaki. Wageni walikuja hivyo kwetu. Baadaye wenyeji wenyewe wakawa wainjilisti, wakapanda vitongoji vya juu, wengine wakashuka nyikani. Wazee waliwasimulia wale waliokwenda kwa miguu, mke akibeba mtoto mgongoni na chungu kichwani, mume akibeba vitabu. Katika masimulizi hayo nilikuwa nikimtazama sana yule mwenye chungu.

Mwaka 1994 mume wangu, ambaye alikuwa mwinjilisti, aliombwa kwenda kutumika mjini Arusha, eneo la Unga Limited. Kwa kilomita si mbali. Kutoka kwetu hadi huko hazifiki 30, nauli ya basi ni ndogo. Lakini baba mkwe, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alinyamaza kwa muda mrefu aliposikia. Kisha akasema, "Mwinjilisti hutumwa nyikani. Mjini wanakwenda watu wanaotafuta fedha." Hakusema kwa hasira. Katika mawazo yake mji ulikuwa umekwisha kuhubiriwa, kwa kuwa makanisa makubwa yalikuwepo na kengele zilisikika.

Mume wangu alimjibu kwa heshima, "Baba, watu wa kule ni watoto wetu sisi. Wameshuka kutoka milimani, na hakuna aliyeshuka pamoja nao."

Neno hilo lilikuwa kweli. Wakati wa sensa ya 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, mji wa Arusha ulikuwa na watu kama 32,000. Mwaka 2012 walihesabiwa 416,442, na katika sensa ya 2022 walipita 600,000. Watu hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Vihamba viligawanywa kwa baba, kisha kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kipande kikawa hakitoshi hata migomba ya kulisha nyumba moja. Kijana anayebaki bila kipande hushuka barabarani na kupanda gari. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, ndivyo ilivyokuwa Kilimanjaro, na kwa Wapare, Warangi na Wambulu vilevile.

Basi tukashuka, sisi wawili na watoto watatu. Mume wangu aliulizwa na kanisa, nami niliulizwa na mume wangu, nikakubali. Watoto hawakuulizwa na mtu. Naliandika jambo hili hapa kwa sababu nitalirudia.

Unga Limited ni jina la kiwanda cha unga lililogeuka kuwa jina la mahali. Nyumba zilisongamana kiasi kwamba ukikohoa chumbani kwako jirani hukuambia pole. Tulipata vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, yenye ua mmoja na choo kimoja. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kirangi, Mwislamu, mjane mwenye maneno machache. Maji tulinunua kwa ndoo. Kwetu mlimani maji yalipita shambani bure, yakiimba. Hapa binti yangu mkubwa alijifunza kuhesabu vikombe.

Posho ya mwinjilisti ni kitu cha kushukuru, lakini huwezi kukiita mshahara. Hivyo siku za Jumatano na Jumamosi nilikwenda soko la Tengeru, nikanunua ndizi na maparachichi, nikayauza mbele ya nyumba. Meza ile ndogo ya ndizi iliniingiza katika nyumba nyingi kuliko barua yoyote ya utambulisho. Mtu hamwambii mhubiri kwamba jana hakula. Lakini akiomba ndizi tatu kwa mkopo, amekwisha kukuambia.

Mume wangu alianza kazi kama alivyofanya mlimani. Alitangaza ibada, akatembelea watu, akaandika majina. Aligundua upesi kwamba mjini hata saa ni tofauti. Mlinzi wa usiku hulala asubuhi wakati wa ibada. Mama ntilie huwasha moto kabla ya jogoo. Mpiga debe hawezi kuacha stendi Jumapili, maana ndiyo siku ya abiria. Ikabidi ibada za jumuiya zifuate watu, nyingine alfajiri, nyingine usiku kwa taa ya kandili, katika vyumba ambamo tulikaa juu ya kitanda na ndoo zilizofunikwa.

Hata mnada wa baada ya ibada ulibadilika. Wale waliokulia katika sharika zetu za Kilutheri wanaufahamu: ibada ikiisha, sadaka za shambani hunadiwa nje, kuku, mayai, mkungu wa ndizi. Kule mjini nani ana mkungu? Jumapili ya kwanza ya mavuno mama mmoja alileta nusu mche wa sabuni. Baadhi ya vijana walicheka. Mume wangu aliunadi ule mche kwa heshima ileile ambayo angempa jogoo mwekundu, na ukauzwa kwa bei nzuri, kisha mnunuzi akaurudisha unadiwe tena. Siku ile niliona kwamba watu wale wangekaa.

Lakini kilichotufanya wenyeji kilikuwa ni misiba.

Kwetu mlimani mtu akifa ukoo unajulikana. Huzikwa kihambani kwake, na majirani huja bila kuitwa. Mjini mtu huweza kufa katika chumba cha kupanga, na wenzake wa nyumba ile wasijue jina la kijiji chake. Miaka ile ya tisini ilikuwa miaka ya Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983. Miaka kumi na kitu baadaye ugonjwa ulikuwa katika kila mtaa wa miji yetu, na dawa za kuwapa watu maisha zilikuwa bado hazijawafikia maskini. Watu waliogopa hata kikombe.

Katika chumba kilichopakana na chetu aliishi dada aliyekuwa akiuza mitumba, na mtoto wake wa kiume. Alipoanza kukonda wateja walipungua, kisha rafiki, kisha hata wale waliopita kumsalimu. Mume wangu alimwombea mlangoni kila siku. Mimi nilipika uji. Hakuna aliyepanga kazi hiyo katika kikao chochote cha kanisa. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, nasi tulimsikia usiku.

Alipofariki, mwenye nyumba alikuja mlangoni kwangu akiwa amekunja mikono ya gauni. Akaniambia, "Mama mwinjilisti, njoo. Huyu ni wetu sote." Tukamwosha, Mwislamu na Mkristo, kwa maji ya ndoo tuliyonunua. Wapangaji walichangia kidogo kidogo, na mnada wa Jumapili ile ulikuwa wa gari la kumpeleka kwao. Tulipofika kijijini ndugu zake waliuliza sisi ni nani kwake. Mume wangu akajibu, "Ni majirani." Nami nikafikiri kwamba pengine hilo ndilo jina kamili la kazi yetu.

Mwanawe alilala kitandani pamoja na wanangu kwa miezi minne, mpaka mjomba wake alipokuja kumchukua.

Kisha ikaja Aprili 1998. Mvua za El Niño zilifurika mashimo ya tanzanite huko Mererani, na makumi ya wachimbaji wakafa chini ya ardhi. Vijana wengi wa mitaa kama yetu walikuwa wanaapolo kule. Mama zao walikaa barabarani wakingoja magari, na kila gari lilipokuja walisimama wote pamoja. Wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Mume wangu alipoteza maneno yote ya mahubiri wiki ile. Alikaa nao barabarani tu. Baadaye mzee mmoja alimwambia kwamba ule ukimya aliuelewa kuliko mahubiri ya miaka minne.

Sasa nirudi kwa watoto, maana bila wao habari hii ingekuwa nzuri kuliko ilivyo kweli.

Watoto wa mhudumu hulipa ada ambayo haina risiti. Wanangu walitoa vitanda vyao kwa wageni. Walijifunza kunyamaza mgonjwa akiwa ndani. Waliona vifo vingi kabla ya kipaimara. Baba yao aliitwa usiku, nao wakaamka bila yeye siku za mitihani. Na watu wa mtaa waliwapima kwa kipimo kizito: mtoto wa jirani akitukana ni mtundu, mtoto wa mwinjilisti akitukana ni aibu ya kanisa.

Binti yangu mkubwa alipokuwa kidato cha tatu aliniuliza, tukiosha vyombo, "Mama, baba aliitwa na Mungu. Wewe uliitwa na baba. Mimi niliitwa na nani?"

Nilimwambia kweli: wewe hukuitwa na mtu, ulibebwa. Nikamwambia pia kwamba Isaka alibebwa, na Samweli alipelekwa hekaluni akiwa mdogo, na kwamba mtu aliyebebwa hufika siku anayoshuka mgongoni na kuchagua njia yake kwa miguu yake. "Siku hiyo ikifika," nikasema, "sitakuuliza umechagua nini kwa ajili ya jina la baba yako." Alisuuza sufuria, akanyamaza. Hakuridhika, nami sikumlazimisha aridhike.

Siku hiyo ilifika. Yeye anafanya biashara Dar es Salaam, na hana cheo chochote kanisani. Mdogo wake ni mzee wa kanisa hapa hapa mjini. Kitinda mimba huenda ibadani kwa nadra, jambo ambalo baba yake hulitaja katika sala kwa sauti ya chini. Nikiwahesabu kama vitabu vinavyohesabu, nitasema mmoja kati ya watatu. Lakini nilipomtembelea binti yangu nilikuta katika chumba cha wageni msichana mgonjwa, mfanyakazi wa duka la jirani, ambaye hakuwa na ndugu jijini. Nilipouliza, binti yangu alinijibu kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Ukuta ni mwembamba, mama."

Ndugu msomaji, sitaki uchukue neno hilo kama hesabu iliyofungwa. Yapo mambo waliyokosa wanangu ambayo hayatarudi, wala siwezi kumwambia Mungu au mwanadamu kwamba yalikuwa madogo. Nasema tu kile nilichokiona: mwito humjia mmoja, lakini unaoishi ndani yake ni nyumba nzima, na kila aliye ndani huujibu kwa wakati wake na kwa lugha yake, wengine bila kutaja jina la Mungu.

Kwa hiyo kama kanisa lako linakusudia kupeleka familia katika mitaa yenye msongamano, na bado ni lazima zipelekwe, maana milima inaendelea kushusha watoto wake, naomba mambo matatu. Muulizeni mke mbele ya mume, naye akijibu mwandikeni. Wapeni watoto mahali pa kulala ambapo hapatolewi kwa mgeni, hata kama ni kitanda kimoja tu. Na mtakapokwenda kukagua kazi, msianze na kitabu cha mahudhurio. Ulizeni ni nani walizikwa mwaka ule, na ni nani walikwenda kuwazika.

Mume wangu amestaafu. Wakati wa mavuno bado tunapanda Nkoaranga, tunakula loshoro na ndugu, tunasikia maji mferejini. Kisha tunashuka tena. Kihamba kimegawanywa kwa wengine, na hatuna neno juu ya hilo. Mwenye nyumba wetu wa zamani ni mzee sasa, macho yamefifia, na mwezi wa Ramadhani uliopita alimtuma mjukuu wake aniletee bakuli la futari, akisema mama mwinjilisti asisahaulike.