Laini Mbili, Mtaro Mmoja

Kijana wa jirani yangu anasomea mitandao ya kompyuta hapo Kitale. Juzi alinikuta nikinung'unika kwamba intaneti imelala tangu asubuhi, akanieleza kwa upole kuwa siku hizi mambo ni rahisi: njia moja ikikatika, mashine zenyewe hutafuta nyingine. "Zamani, baba, mlikuwa mnangoja tu, si ndiyo? Hamkuwa na rauta."

Tulikuwa nayo. Ilivaa koti la kaki, ilikuwa na duka Endebess kando ya barabara ya Suam, na ilikohoa sana miezi ya baridi.

Ukiingia mle dukani ulipokewa kwanza na mafuta taa, yaliyouzwa kwa chupa kutoka kwenye pipa la mlangoni. Kisha ilikuja sukari guru, kisha magunia ya katani yaliyonyeshewa, na mwisho kabisa dawa ya kupe, kwa sababu wateja wengi walikuwa watu wa ng'ombe kutoka mashamba ya ADC, shirika la kilimo la serikali. Simu ilitundikwa ukutani kati ya mizani na kalenda: kisanduku cha mbao, mkono mweusi mzito wa kusemea, na mpini wa kuzungusha ubavuni. Ndani mlikuwa na betri kavu mbili kubwa. Zikichoka, mwenye duka alizianika juu ya mabati pamoja na zile za redio, na mkewe akamwambia, kama alivyomwambia wiki iliyotangulia, kwamba siku moja atatuunguza sote.

Baba yangu aliendesha trekta, nami nilikuwa mtoto wa kutumwa: nenda dukani ukaulize kama kuna ujumbe. Mimi nilikuwa nikisema mambo haya ni ya 1976. Dada yangu anashikilia kwamba ni baada ya 1977, kwa kuwa anakumbuka bili zikija kwa jina la shirika la posta na simu la Kenya, si lile la Afrika Mashariki lililovunjika na Jumuiya. Labda ni kweli. Haidhuru; barabara ilikuwa ya vumbi na sisi wote tulikuwa miguu mitupu.

Laini yenyewe ilikuwa ya pamoja. Mashamba kadhaa yalitumia waya mmoja, kila moja likiwa na mlio wake: mrefu na mfupi, mifupi miwili na mrefu, hivyo hivyo. Simu ya jirani ikilia nawe uliisikia, na kama huna haya uliinua mkono wa simu yako ukasikiliza. Kila aliyeinua alipunguza sauti ya wengine, kwa hiyo mwenye duka alijua idadi ya wambea kwa kipimo cha masikio. Alikuwa akisema, "Mama wa shamba la juu, weka chini, nitakuhadithia baadaye," na sauti inarudi.

Lakini ujuzi wake hasa ulikuwa mkononi. Alizungusha mpini taratibu, macho yamefumbwa. Mpini ukienda mwepesi kupita kiasi, waya umekatika mahali, umeme hauna pa kwenda. Ukiwa mzito, unakataa, waya zimegusana, au mti umeziangusha matopeni. Kabla fundi hajapata baiskeli kule Kitale, mzee alikuwa ameshamtuma mtu amwambie: "Si kukatika, ni kugusana, atazame penye ile mikaratusi." Sijaona kifaa cha kupimia laini kilicho chepesi kama bega la mzee yule.

Sasa nifike kwenye njia ya pili, maana ndiyo kijana haamini.

Kitale ina milango miwili mikubwa ya kutokea. Mmoja unaelekea Moi's Bridge, Soy hadi Eldoret. Mwingine unashuka Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma. Simu ya Nairobi kwa kawaida ilipitia Eldoret. Eldoret ikiwa imekufa, na wakati wa mvua ilikuwa ikifa mara kwa mara, opereta wa Kitale alikwambia tu kwamba njia hakuna, ujaribu kesho. Huo ndio ungojaji anaoufikiria kijana. Mwenye duka hakuukubali.

Nakumbuka jioni aliyokuja mwanamume mmoja kutoka upande wa Chorlim, kofia mkononi, mvua ikimtiririka. Mama yake alikuwa amefariki, na kaka yake mkubwa alikuwa kibarua Nairobi, kwenye ghala lenye simu. Bila kaka mkubwa hakuna kuzika. Mwenye duka hakumpa pole mara moja. Alimpa gunia akalie, akaenda ukutani.

"Dada, hujambo? Watoto? Mguu wa baba?" Salamu zilichukua muda, yule mwanamume akitazama chini. "Eldoret? Haya. Basi nipe Bungoma. Najua ni kuzunguka. Nipe Bungoma."

Bungoma ikaitika, salamu zikaanza upya. Bungoma ikaomba Kakamega, Kakamega ikaomba Kisumu, na Kisumu ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kupanda Nakuru na kuendelea. Kila kituo kilipoongezeka sauti ilikonda, hadi mzee akawa anapiga kelele za mtu aliye ng'ambo ya mto. Ghalani alipatikana askari wa zamu. Ujumbe ulikuwa wa maneno manne, ukarudiwa na kila opereta mmoja mmoja ili usipotee njiani: "Mama amefariki. Njoo Endebess." Nilisikia kwa mbali sauti ya mwanamke, sijui wa Kakamega au wa Kisumu, ikisema "poleni sana" kabla ya kuchomoa waya wake. Hapo ndipo mwenye duka alipogeuka akampa yule mtu mkono wa pole.

Kaka alifika kabla ya mazishi. Lakini nililolielewa miaka mingi baadaye ni jambo jingine. Msimu wa mavuno, mzee alipakia viazi vya mlimani kwenye lori la mahindi, debe la maopereta wa Kitale na debe la wale wa Bungoma, na hakupeleka bili. Mkewe alinung'unika kwamba anawalisha watu asiowajua sura. Kweli hakuwajua sura. Alikuwa akilipia barabara ya Bungoma miezi ambayo Eldoret ilikuwa nzima.

Kule Marekani, mhandisi Paul Baran wa taasisi ya RAND alikuwa ameshaandika mwaka 1964 jinsi mtandao usio na kitovu kimoja unavyoweza kupoteza viungo vingi na bado ukapitisha ujumbe, mradi kila kituo kina majirani zaidi ya mmoja na kinajua kuchagua. Rauta za kijana wangu zimetoka katika ukoo huo wa mawazo. Nazo husalimiana. Katika mpangilio wa kawaida wa itifaki ya OSPF, kila rauta humwamkia jirani yake kila baada ya sekunde 10. Sekunde 40 zikipita kimya, jirani anahesabiwa amekufa na ramani inachorwa upya. Faiba iliyopangwa kwa mduara huenda mbio zaidi: ukikatwa upande huu, mawasiliano yanageukia upande wa pili ndani ya milisekunde 50 hivi, hata anayeongea hajui. Mzee angefurahi kusikia kwamba salamu bado ndizo zinazopima uhai. Angeuliza pia nani analipia viazi.

Mambo yaliyofuata nayapitia haraka, maana yalipita haraka. Wezi wa shaba waligundua thamani ya waya kabla serikali haijagundua. Nguzo zilibaki zimesimama bila kazi, watu wakafungia mbuzi, kisha nazo zikawa kuni. Shirika la zamani likagawanywa mwaka 1999, Telkom huku, Posta kule. Mwaka uliofuata zikaja kampuni za simu za mkononi, na duka lile likageuzwa kuwa la pembejeo. Mzee hakuiona simu ya mfukoni.

Mimi nilifungua saiba Kitale, kompyuta chache na modemu iliyolia kama paka. Wakati huo barua pepe kutoka chumba kimoja Nairobi hadi cha jirani, kama mmoja ni mteja wa kampuni hii na mwingine wa ile, ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti zilianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano Nairobi, KIXP, ili ya nyumbani yabaki nyumbani. Telkom ikalalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa, na baada ya wiki mbili hivi msimamizi wa sekta ya mawasiliano akaagiza kituo kizimwe. Mwaka mzima wa mabishano, leseni ikatoka Novemba 2001, kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima ikashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mtu alikuwa amezuiwa kwa sheria asipitie njia fupi! Bado nikikumbuka nasikia hasira.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zikatua Mombasa, SEACOM na TEAMS, na mwaka uliofuata EASSy. Tukaambiwa sasa basi, tuna njia nyingi. Februari 17, 2012, nyaya za Bahari ya Shamu zikakatika, EASSy ikiwamo. Mzigo ukahamishiwa TEAMS. Siku nane baadaye meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ikatia nanga pasiporuhusiwa, na TEAMS nayo ikakatwa. Miaka kumi na miwili baadaye tukarudia somo lile lile. Februari 2024 nyaya zikakatika tena Bahari ya Shamu, na inaaminika nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imepigwa kombora ndiyo iliyozikwangua. Tukategemea njia ya kusini. Mei 12, EASSy na SEACOM zikakatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za kwetu zikakwama pamoja. Nyaya ni nyingi, lakini zinapenda kulala kitanda kimoja.

Hayo ni ya bahari. Ya kwetu ni madogo na yananiudhi zaidi. Nilipokuwa na biashara ya kuunganisha maduka na shule, nilichukua laini kwa kampuni mbili tofauti, moja ikikatika nyingine ishike. Rauta ilipangwa vizuri. Ukichomoa waya mmoja, ndani ya sekunde chache mawasiliano yalihama. Kisha mwaka mmoja greda ikachimba kando ya barabara na laini zote mbili zikafa kwa pigo moja. Nikapiga simu huku, nikapiga kule. Mafundi wawili wa kampuni mbili walifika na magari mawili, wakasalimiana kama ndugu, wakaingia shimo moja. Kampuni ya pili ilikuwa imekodi nyuzi ndani ya kebo ya ile ya kwanza. Hakuna aliyenidanganya, bili zilikuwa mbili, nembo mbili, na mtaro mmoja.

Rauta haina kosa hapo. Yenyewe inaona majirani wawili wanaoitika salamu na inaamini kwamba wanakaa nyumba mbili. Haijui Kiminini wala Soy. Haijui kwamba barabara ya kwenda Suam ilipowekwa lami udongo wa pande zote mbili ulipinduliwa kwa kilomita nyingi. Kujua hayo ni kazi ya mtu, na mtu huyo tumemwachisha kazi tukidhani mashine imemrithi. Ukiuliza ofisini kebo yao inapita wapi, binti wa kaunta anakuonyesha ramani ya rangi nzuri yenye mistari iliyonyooka, kana kwamba kati ya Kitale na Nairobi hakuna mto wala daraja. Unapewa asilimia ya muda ambao huduma haitakatika. Mzee wa duka hakuwahi kutoa asilimia, lakini alikwambia mti.

Kijana wangu anasema haya yote yatakwisha setilaiti za intaneti za mzunguko wa chini zikienea. Huenda. Ni njia nyingine kweli, haipiti mtaroni, na kwa shule zilizo juu huko mlimani ni baraka. Ila naona watu wanaitia kama laini ya pekee, wakiizima ile ya ardhini ili kupunguza gharama, na hapo tumerudi kwenye njia moja, ila sasa iko juu.

Nimempa kijana kazi badala ya hadithi. Nimemwambia achukue pikipiki, aanzie Endebess, afuate vibao vya faiba na mifuniko ya mashimo hadi Kitale, kisha atoke kwa milango yote miwili mpaka Moi's Bridge na mpaka Kamukuywa, aandike kila daraja ambapo nyaya zinabanana. Hakuna darasa litakalomfundisha hilo kwa kuwa halimo kwenye mtihani. Nanyi mnaouziwa laini ya pili mwaka huu, kasi muiulize mwisho. Ulizeni kwanza inatoka Kitale kwa mlango upi. Mwuzaji asipojua jibu, hesabuni kwamba mmenunua ile ya kwanza mara mbili.