Daftari Lililosema Uongo

Mimi ni karani katika kituo kimoja cha utafiti huku Kinondoni, Dar es Salaam. Wataalamu wetu huchunguza wadudu. Kazi yangu mimi ni kushika daftari la hatari: nani atapiga kengele moto ukitokea, nani atazima umeme, nani atahesabu watu wakishatoka nje, na mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini. Kila miezi mitatu twafanya zoezi, nami naandika yaliyotokea.

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya mjini." Ngoja kwanza nikueleze kosa langu.

Siku moja kengele ya zoezi ililia, watu wakatoka wakakusanyika chini ya mwembe. Lakini mlango wa nyuma, karibu na ghala, ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, naye alikwenda kunywa chai. Waliokuwa upande ule wakazunguka mpaka mlango wa mbele, huku wakicheka. Nilipokaa kuandika niliona haya, maana kesho yake mkaguzi angekuja. Basi nikaandika: "Zoezi limekwenda vizuri. Milango yote wazi." Mkaguzi akasoma, akatusifu, akaenda zake. Kufuli likabaki pale pale.

Miezi miwili baadaye waya wa umeme ulishika moto ghalani. Mzee wetu mfagiaji alikimbilia mlango wa nyuma, akaukuta umefungwa. Ikambidi arudi kupita penye moto. Alitoka hai, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wake wa kulia uliungua, na mpaka leo vidole viwili havikunjuki. Nilipokwenda kumtazama hospitali hakunilaumu, kwa kuwa hakujua. Nikamwambia mwenyewe. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, sasa andika kweli."

Wengi wetu twakumbuka Mbagala, upande wa Temeke, tarehe 29 Aprili 2009, ghala za silaha za jeshi zilipolipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao, kwani kila mtu alikimbia njia yake. Februari 2011 mambo kama hayo yakatokea Gongo la Mboto. Je, ni nyumba ngapi zilikuwa zimepatana mahali pa kukutana?

Nawe, ndugu msomaji, una koroboi, una jiko, una mafuta ya taa. Labda una mtoto katika bweni la shule. Leo jioni, baada ya chakula, kaa na watu wa nyumbani uwaulize: Tukikimbia, tutakutana wapi? Nani atambeba mtoto mchanga, nani atamshika bibi mkono? Usiku ufunguo hukaa wapi? Waambie pia kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji. Umeme huzimwa kwanza, ndipo hutupwa mchanga mkavu. Zimamoto huitwa kwa simu namba 114.

Kisha jaribuni mara moja. Mkikosea, msifichane.

Ukurasa ule wa uongo sikuuchana. Niliupiga mstari, na chini yake nikaandika: "Mlango wa nyuma ulifungwa. Mwandishi alijua." Kila karani mgeni akija, humwonyesha huo kwanza.