Azimio lililofutwa bila kufutwa

Najua kibaraza hiki kimeota nyasi. Nipo mazoezi ya kufundisha mwezi wa pili sasa, na anayedhani TP ni kuvaa sketi ndefu na kushika chaki, aje achukue haya madaftari mia na kumi niliyobeba kwenye mfuko wa rambo kutoka shuleni mpaka Msimbazi, tena kwa kusimama.

Leo naongelea Azimio la Arusha. Usikimbie! Najua wote tulilikariri kwa ajili ya mtihani, tukaandika pointi zetu sita, tukapata B zetu, tukasahau. Mimi limenirudia kwa sababu kuna kijana wa kidato cha nne, yule wa dawati la nyuma ambaye huwa unadhani amelala, alininyooshea mkono akauliza: "Madam, hilo Azimio lilifutwa lini?" Nikamjibu 1991, Zanzibar. Akauliza tena: "Nani alitangaza kwamba limefutwa?" Hapo darasa zima likaamka, si unajua wanafunzi wakinusa kwamba ticha anaulizwa swali zito.

Jibu fupi ni kwamba hakuna. Jibu refu ndilo hili hapa chini.

Kwanza nieleze kilichonisaidia kulielewa swali lake, maana ni kitu cha ajabu kidogo. Mwenzangu wa chumbani pale hosteli ana ugonjwa wa mchezo mmoja wa kompyuta unaoitwa NationStates. Uliundwa na mwandishi wa vitabu wa Australia, Max Barry, mwaka 2002. Unatengeneza nchi yako, unaitungia sheria, na ukitaka unajiunga na baraza la dunia la humo ndani mnapigia kura maazimio. (Zamani lilikuwa linaitwa Umoja wa Mataifa, mpaka mwaka 2008 Umoja wa Mataifa wenyewe wakaja juu, likabadilishwa jina. Nilicheka mpaka basi.) Usiku mmoja nikamkuta amenuna. Kulikuwa na hoja ya kufuta azimio moja la kulinda raia, na yeye alikuwa upande wa kulitetea. Nikamwambia si mlirekebishe tu? Akaniangalia kama nimetukana. Kwenye mchezo ule azimio likishapita huruhusiwi kuligusa hata nukta. Ukilichoka, lazima ulete hoja ya kulifuta, uandike sababu zako mbele za watu, na watu wapige kura. Hoja ya kufuta hairuhusiwi kubeba ndani yake sheria mpya, kwa hiyo wachezaji makini huandaa kabisa rasimu ya azimio la badala kabla hawajabomoa la zamani. Na lile lililofutwa linabaki kwenye kumbukumbu likiwa limeandikwa kwamba limefutwa.

Mchezo wa watoto wa intaneti, jamani! Halafu sisi wenye nchi ya kweli...

Turudi nyumbani. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Kesho yake tu mabenki yakataifishwa. Vitabu vyetu vya shule vinapenda sana hayo ya mabenki na mashamba ya mkonge, lakini sehemu inayonihusu leo ni ile ya mwisho, miiko ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika ubepari wala ukabaila. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wakaziba mwanya ambao kila Mswahili angeufikiria kwanza: kiongozi maana yake ni yeye pamoja na mkewe au mumewe. Miiko hiyo haikuwa ya mawaziri na wabunge peke yao, iliwagusa madiwani, wakubwa wa mashirika ya umma, hata watumishi wa serikali wa ngazi za kati.

Yaani lilikuwa azimio la kumlinda mwananchi dhidi ya kiongozi wake. Kulinda dhidi ya mkoloni tulishazoea kusikia. Hili la kujiwekea uzio wao wenyewe lilikuwa jambo jingine kabisa.

Na wanachuo wenzangu, msijione wageni kwenye habari hii. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo pale Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake na wa wakubwa wenzake kwa asilimia 20, halafu akawafukuza, zaidi ya mia tatu, wakarudi makwao. Miezi mitatu baadaye ndo Azimio. Sasa cheki kichekesho: Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani wakaandamana tena, safari hii kupinga mawaziri na wabunge kuongezewa marupurupu. Yaani walikuwa wanalitetea Azimio lile lile. Wakafukuzwa pia. Ukiwa mwanafunzi huna bahati, ukipinga kukatwa unafukuzwa, ukipinga wengine kuongezewa unafukuzwa.

Sasa nije kwa babu yangu, maana bila yeye nisingeandika haya.

Babu alirithi kwa baba yake nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Wao walikaa viwili, vinne wakapangisha. Mwanzoni mwa miaka ya sabini akapandishwa cheo kwenye shirika moja la umma, cheo cha kati tu, si bosi wa kutisha. Lakini fomu ikaja na miiko ikawa inamhusu. Bibi akamwambia, baba fulani, andika jina langu. Babu akamjibu soma vizuri, wewe na mimi ni kiongozi mmoja. Wenzake kazini wapo walioandika majina ya wadogo zao, ya watoto, ya wajomba wa Rufiji. Babu hakutaka. Mwaka 1974 akaiuza, wakahamia Ilala kwenye nyumba ndogo isiyo na mpangaji.

Leo pale pana ghorofa sita. Chini ni fremu tupu, vitenge, simu, mashuka ya Kichina. Na baba yangu mdogo ana biashara ya vyombo vya plastiki kwenye mtaa ule ule, hatua kama hamsini kutoka ulipokuwa mlango wao. Amepanga. Kodi ya mwaka mkononi, na wakati anaingia alitoa na kilemba. Kila nikienda kumsalimia napita mbele ya lile ghorofa nikiwa najua kabisa kisima kilikuwa upande gani.

Hiyo ndo bei ambayo familia moja ililipa. Silii, kuna waliolipa zaidi. Bibi Titi Mohamed, mama wa Dar es Salaam huyu huyu ambaye barabara inayopita Mnazi Mmoja ina jina lake, alijitoa kwenye uongozi wa TANU mwaka ule ule wa 1967, na suala la nyumba za kupangisha lilikuwa ndani yake. Huwa namfikiria. Mwanamke aliyewaingiza wanawake wenzake kwenye harakati za uhuru kwa mamia, nyumba zake ndizo zilikuwa akiba ya uzee wake, kisha anaambiwa hilo ni unyonyaji. Hakufoji majina, alisema hapana hadharani. Kwa maoni yangu yeye na babu yangu, waliochukua njia tofauti kabisa, waliliheshimu Azimio kuliko wale wa wajomba wa Rufiji.

Haya, 1991. Mwalimu alikwishang'atuka urais mwaka 1985, na uenyekiti wa chama akauachia Agosti 1990. Mwenyekiti mpya ni Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM inakaa Zanzibar. Yakatoka maamuzi ambayo watu wakayaita Azimio la Zanzibar: mwanachama na kiongozi ruksa kuwa na hisa, ruksa kuwa mkurugenzi, ruksa mshahara zaidi ya mmoja, ruksa kupangisha nyumba. Ukiyaweka kando ya yale ya 1967 ni mstari kwa mstari, kama mtu aliyekaa na karatasi mbili akawa anavuta kalamu. Lakini maelezo yaliyotolewa hayakusema "tumelifuta Azimio la Arusha". Ilielezwa kwamba wanalitazama kulingana na mazingira mapya. Kwa lugha ya yule mwenzangu wa chumbani: walirekebisha nukta mpaka ukurasa ukawa mweupe.

Na nisiwe mwongo, hoja za kulegeza zilikuwepo, tena nzito. Miaka ya themanini mshahara ulikuwa haumfikishi mtu tarehe kumi. Kila mtumishi alikuwa na mradi, kuku uani, ng'ombe wawili Tegeta, mke anauza maandazi. Tangu 1986 nchi ilikuwa kwenye masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara zinafunguliwa, halafu ofisa wa kati anaambiwa asipangishe chumba? Miiko ilikuwa inavunjwa kila siku gizani, na sheria inayovunjwa na kila mtu inamwadhibu yule mmoja tu anayeitii. Ningekuwa na kura mwaka ule ningeilegeza kwa mwalimu wa shule na nesi bila kufikiri mara mbili. Kwa waziri, hapana. Waziri ndiye anayetia saini, na mwenye hisa ndiye anayesubiri saini.

Wao walilegeza kwa wote kwa mpigo, na hapakuwa na rasimu ya badala mezani. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilikuja mwaka 1995, miaka minne baadaye, wakati mfumo wa vyama vingi ulishaanza tangu 1992. Nayo ni mnyama tofauti. Azimio lilikuwa linasema usiwe nayo. Sheria inasema kuwa nayo, ila jaza fomu, upeleke kwenye Sekretarieti ya Maadili. Sisemi fomu ni kitu kibaya, ila nimeangalia madarasa yangu mawili: mwanafunzi unayemkataza simu na mwanafunzi unayemwambia aandike kwenye daftari kwamba ana simu hawafanani hata kidogo.

Mwalimu mwenyewe hakulizika. Kwenye mahojiano na jarida la New Internationalist, yaliyotoka muda si mrefu kabla hajafariki Oktoba 1999, alisema bado anasafiri nalo, analisoma tena na tena kutafuta cha kubadilisha, na labda angeboresha Kiswahili chake tu. Sisi wa Kiswahili na Historia hapo tukacheka kwa furaha. Na mwaka 2015 chama cha ACT-Wazalendo kikatoa Azimio la Tabora, kikisema wazi kwamba kinalihuisha la Arusha. Kumbe marehemu anaendelea kupata watoto.

Jumapili nilienda Ilala na swali la yule kijana. Babu ananiita mchumba, bibi ananiita mke mwenzangu, ndo maisha yetu.

"Babu, shikamoo. Hivi wewe ulijuaje kwamba miiko imeondolewa?"

"Marahaba mchumba. Redioni."

"Walisema imeondolewa?"

"Hawakusema. Nilikuwa nasikiliza, nikasikia nyumba, nikasikia hisa. Nikamwambia bibi yako, hawa wanazungumza habari zetu."

Anasema kesho yake alienda kazini kama kawaida akitegemea kwamba ataitwa, kwa sababu wakati wa kujaza fomu aliitwa, akakalishwa, akasomewa kila kipengele. Safari hii hakuna aliyemwita. Kwenye chai watu waliongelea mpira. Baada ya mwaka wakubwa zake wakaanza kujenga, na walikuwa wale wale. Akastaafu na fomu yake ikiwa kwenye faili, haijatiwa mhuri wa kufutwa.

Nikamuuliza kama anajuta kuiuza nyumba. Akawa kimya, anachezea bakora yake. Kabla hajajibu bibi akatokea jikoni na sinia.

"Muulize mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeolewa na Azimio. La Zanzibar sijaposwa nalo."

Babu akacheka mpaka akakohoa, nami sikupata jibu langu tena, maana wali ulishafika na kwao hakuna mazungumzo mbele ya samaki wa nazi.

Basi wadau, naishia hapa, bando limebaki la kutuma hii tu na bado nina azimio la kazi la wiki ijayo sijagusa (ndiyo, na sisi walimu tuna azimio letu, nalo hubadilishwa kwa kalamu ya penseli). Mkaguzi anakuja Jumatano. Niombeeni.