Tunaomba Usogee Kidogo

Tulikuwa wachungaji wawili vijana. Tulimaliza chuo cha theolojia mwaka mmoja, tukapangiwa sharika zilizopakana kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo Reli ya Kati hufuata bonde la mto Mkondoa kuelekea Dodoma. Jumatatu ni siku ya mapumziko ya mchungaji. Wenzetu walikuwa wakilima bustani au wakifuga kuku. Sisi tulikwenda kupiga picha za treni. Tunaandika "sisi" katika insha hii kwa sababu jambo tutakalolisimulia tulilifanya wote wawili, na hakuna aliyemzuia mwenzake.

Ilikuwa furaha ya kweli, na hatutaki kuikana. Mmoja wetu alikulia Tabora, akilala na kuamka kwa honi. Mwingine alitoka milimani na hakuwahi kuiona treni hadi alipokwenda sekondari. Reli ile tuliyoipiga picha ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tulizijua tarehe hizo kama tulivyojua tarehe za Matengenezo ya Kanisa, na pengine zaidi.

Treni iliyoegeshwa karakana haikutuvutia. Hiyo unaweza kuizunguka, ukachagua upande, ukarudia mara kumi. Tulitaka treni iliyo kazini, imebeba mzigo, inapanda, kichwa kinatoa moshi mweusi na mabehewa yanalia kwenye kona. Treni ya namna hiyo haikusubiri. Huwezi kumwomba dereva arudi nyuma kwa sababu ulikuwa unafuta lenzi. Treni ya mizigo ikienda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kamera yako ikifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, kichwa kinakuwa kimesogea zaidi ya sentimita 20, na unachopata ni ukungu. Ikifunguka kwa sehemu moja ya 500, kimesogea pungufu ya sentimita tatu, na picha inasimama. Mambo hayo hatukuyasoma popote. Tulijifunza kwa kuharibu picha.

Tulijifunza pia habari za jua. Treni inayoshuka kwenda Dar es Salaam asubuhi hulipokea jua usoni, lakini inayopanda kwenda Dodoma saa hiyohiyo uso wake uko kivulini. Kwa hiyo tuliomba kimoyomoyo treni za kushuka asubuhi na za kupanda jioni. (Sijui kama maombi hayo yanaruhusiwa, alisema mwenzetu mwingine wa chuoni tulipomsimulia.) Siku nyingine ilipita treni moja. Siku nyingine haikupita hata moja, nasi tulikaa chini ya mbuyu saa tano au sita tukitayarisha mahubiri ya Jumapili. Mahubiri yetu mazuri ya miaka ile, kama yalikuwapo, yaliandikwa kwenye kokoto.

Hatukuwa wezi wa picha. Kila mara tulipita kwanza kwa stesheni masta kuomba ruhusa. Hata hivyo siku moja askari alitukuta karibu na daraja akatuweka kivulini kwa muda mrefu. Aliuliza swali ambalo mpaka leo hatujalipatia jibu zuri: mtu ambaye hasafiri anataka nini kwa treni? Kola shingoni ndizo zilizotuokoa, si maelezo yetu.

Sasa habari ya mzee.

Alikuwa kiongozi wa gengi, wale wafanyakazi wanaotunza njia, na alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa usharika wetu. Kila asubuhi alitembea juu ya kipande chake cha reli akiwa na nyundo, spana ndefu na bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Alikuwa akigonga mahali reli inapofungwa kwenye taruma la chuma, anasikiliza, anakwenda mbele, anagonga tena. Palipolia vibaya aliinama akakaza. Alitusalimu "Mbukwenyi" kutoka mbali kabla hatujamwona. Yeye ndiye aliyetufundisha kutosimama ndani ya mkato, mahali kilima kimechimbwa pande zote mbili, kwa kuwa huna pa kukimbilia. Alitufundisha tukae mbali na mabehewa kwa sababu wakati mwingine kamba au kipande cha turubai hujitokeza na kinaweza kukuchapa. Na ndiye aliyekuwa akitupa habari: "Wachungaji, imeshatoka Kidete. Jiandaeni."

Tulijiandaa. Na kila tulipojiandaa, yeye alikuwa amesimama kando ya njia na bendera yake ya kijani, tayari kumwonyesha dereva kwamba kipande chake ni salama. Yaani alikuwa katikati ya picha yetu. Nasi, kwa adabu yote tuliyofundishwa na wazazi wetu, tulimwambia: "Mzee, tunaomba usogee kidogo."

Alisogea. Hakuwahi kunung'unika. Alirudi nyuma hatua tatu, nne, mpaka tulipomwambia, "Hapo, asante." Kisha alinyoosha mkono na bendera, dereva akapiga honi kumjibu, nasi tukapata picha safi.

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika. Wilaya ya Kilosa iliumia sana, na reli ilichukuliwa. Mahali ambapo tuta lilikuwa limebeba njia palibaki hewa, na reli zikaning'inia na mataruma yake kama kamba ya kuanikia nguo. Treni zilisimama. Tulikwenda pia na kamera. Mzee na vijana wake walikuwa kwenye tope mpaka kiunoni, wanabeba mawe. Tunaona aibu kuandika hili: tulingoja wapande kula ili tupige picha ya reli iliyoning'inia bila watu.

Miaka michache baadaye aliugua, hakukaa muda mrefu, akafariki. Jioni ile mjane wake alimtuma mtoto, kisha akaja mwenyewe, amejifunga kanga mbili. Alisema, "Baba wachungaji, ninyi mlikuwa naye njiani kila Jumatatu na mashine yenu ya picha. Watoto wanataka picha ya baba yao ya kuweka kwenye jeneza. Ile ya kitambulisho imefutika. Nipeni moja tu, akiwa kazini kwake."

Tulimwambia, "Mama, utaipata." Tulisema hivyo kwa sababu tuliamini. Tulikuwa na picha zaidi ya elfu mbili.

Tulikaa na kompyuta usiku kucha, tukiwa tumeiwasha kwa jenereta ya usharika. Tulikuwa tumezipanga picha zetu kwa namba za vichwa vya treni, kila kichwa na faili lake. Hapakuwa na faili hata moja lenye jina la mtu. Tulifungua zote. Treni, treni, treni. Moshi mzuri, jua zuri, kona nzuri. Karibu na alfajiri tulipata moja. Pembeni kabisa, upande wa kushoto, palikuwa na mkono kuanzia kwenye kiwiko, umeshika bendera ya kijani. Siku ile alikuwa amerudi nyuma hatua moja pungufu.

Tulifikiri kumwambia Mama kwamba hatukupata kitu. Tunakiri kwamba tulilijadili jambo hilo kwa dakika kadhaa, wachungaji wawili wenye shahada. Kulipokucha tulimpelekea kompyuta yenyewe, tukamwonyesha. Alitazama. Akaweka kidole juu ya kidole kidogo cha ule mkono, kilichopinda tangu kilipobanwa na mtaimbo zamani, akasema, "Ndiye." Alilia kidogo, akafuta macho. Kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu: "Na hii treni mliyomwambia aipishe, ilikuwa imebeba nini?"

Hatukujua. Tulijua namba ya kichwa, saa, na kamera ilifunguka kwa kasi gani.

Kwenye mazishi tulihubiri habari za Hajiri, mtumishi aliyekimbilia jangwani kutoka katika nyumba iliyomtumia, akakuta kwamba kuna Mungu anayemwona. Waombolezaji walisema mahubiri yaligusa. Sisi tulijua ni nani aliyekuwa anahubiriwa.

Kuna jambo la chuoni ambalo lilitusumbua zaidi kuliko lawama yoyote. Kila mtoto wa Kipaimara katika sharika zetu hukariri Katekisimu Ndogo, na sisi ndio tuliowasimamisha mmoja mmoja kuwasikiliza. Wanajua kwamba Luther, anapoeleza mkate wa kila siku, haishii kwenye mkate. Anataja nguo na nyumba, anataja watawala waaminifu, anataja hata majirani wema. Na katika ufafanuzi wake wa Zaburi ya 147 anafundisha kwamba kazi za watu, za shambani, za nyumbani, za serikalini, ni kama barakoa ambazo Mungu huzivaa anapotulisha na kutulinda. Swali hilo tulilijibu kwenye mtihani wa mwaka wa tatu na wote wawili tulifaulu vizuri. Unga tuliokula, saruji iliyojenga kanisa la mtaa, mafuta ya jenereta ile ya usiku, vingi vilipita juu ya kipande cha reli kilichogongwa na kusikilizwa na mzee mmoja asubuhi. Tulikuwa na jina la mafundisho hayo katika lugha tatu. Tulipoyaona yamesimama kando ya njia na bendera, tuliyaomba yasogee.

Mwenzetu mmoja tuliyemsomea insha hii alisema tunajilaumu kupita kiasi: picha ni picha, na mzee mwenyewe hakuudhika. Huenda ni kweli kwamba hakuudhika. Lakini hatukuwahi kumuuliza. Na wepesi wake wa kusogea ndio unaotuuma, kwa maana unaonyesha alikuwa amezoea.

Picha ile tulikwenda kuichapisha Morogoro. Fundi wa studio alitaka kuikata ibaki treni, akidhani mkono umeingia kwa bahati mbaya. Tulimwambia akate treni. Ilitoka picha nyembamba, ndefu, mkono na bendera na kipande cha mbingu. Mama ameitundika sebuleni karibu na vyeti vya Kipaimara vya watoto, na wageni wakiuliza anaeleza mume wake alikuwa amesimama wapi.

Siku hizi mmoja wetu anafundisha chuoni, mwingine bado yuko usharikani. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma kwa njia mpya iliyozungushiwa uzio. Tumeipiga picha. Imeundwa kwenda kilomita 160 kwa saa, na hapo ile sehemu moja ya 500 haitoshi tena, kwa kuwa treni inasogea karibu sentimita tisa. Inabidi uende sehemu moja ya 2,000. Ni treni nzuri na hatuna neno baya juu yake. Ila kwa desturi yetu tunarudi kwenye reli ya zamani, na sasa tunaanza kwa kuwauliza watu wa gengi majina na kama wangependa kupigwa picha, kisha tunawapelekea nakala zilizochapishwa. Wengine hukataa, na ni haki yao.

Mwaka jana, si mbali na Godegode, tulimuuliza kijana mmoja mwenye koleo. Alikubali, lakini akasema si kwa hali ile, amejaa vumbi, tumsubiri akanawe. Kambi yao ilikuwa mbali kidogo. Tulikaa. Honi ikalia upande wa Kidete, ikakaribia, ikaja treni ndefu ya mizigo, jua la jioni liko usoni pake, kichwa kinavuta mlima kwa moshi mweusi ambao hatujauona tena miaka mingi. Tulikuwa na kamera mikononi. Bila yeye hatukutaka kuipiga, ikapita behewa kwa behewa mpaka la mwisho.

Kijana alirudi amevaa shati jeupe la Jumapili, nywele zina maji. Akatazama njia, akauliza kama amechelewa.

"Hujachelewa," tulimwambia. "Simama hapo, katikati."