Pikipiki ya Kuazima

Kila siku baada ya swala ya Alasiri, vijana wa bodaboda hapa Isiolo huegesha pikipiki zao chini ya mwarobaini ulio karibu na msikiti, nasi hupenda kuketi nao kidogo kabla ya darasa la jioni. Mazungumzo yao ni pikipiki tu. Huyu plagi yake imekuwa nyeusi. Mwenziwe amwambia asinunue nyingine bali aoshe kwanza sponji ya kuchujia hewa, kwani vumbi likiziba hewa, petroli huzidi, na masizi hubaki kwenye plagi. Yule amechoka kuosha sponji, ameitoa kabisa, na ajisifu kwamba pikipiki imekuwa nyepesi. Wenzake humcheka. Wanajua kwamba vumbi la huku likiingia ndani bila kizuizi huzisaga kuta za silinda na ringi za pistoni, na haupiti muda mrefu injini huanza kutoa moshi na kula oili. Wako hata wazibao tangi linalovuja kwa kipande cha sabuni, na kweli hushika. Sisi tumesoma nahau na fiqhi kwa miaka mingi, lakini elimu hii tuliisikia barazani tu, na kama kila asikiaye bila kufundishwa, tukadhani tumehitimu.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, ana pikipiki. Mwanawe mkubwa huiendesha, na humo ndimo utokamo unga wa nyumba na karo ya wadogo. Siku moja tulifikiwa na habari ya maziko upande wa Kulamawe, na gari hatukupata. Tulimwomba, akatupa funguo bila kusita. Tulikwenda na kurudi salama, alhamdulillahi, kisha tukaona shukrani njema ni kuibadilisha oili kabla ya kuirudisha. Hakuna aliyetutuma.

Tulinunua oili lita moja, tukaipasha injini moto kama tulivyosikia kwa vijana, tukafungua bolti ya chini, na oili kuukuu ikatoka nyeusi kama wino. Kuirudisha bolti ndiko kulikotufedhehesha. Bolti ni ya chuma, na pale inapoingia ni aluminiamu, madini laini. Yatosha kuikaza hadi ishike, na kuongeza kidogo tu. Sisi tulikaza kwa nguvu zetu zote, tukihisi kwamba kukaza sana ndiyo amana, hadi kitu kikalegea ghafla mkononi. Meno yalikuwa yamekatika.

Fundi hatukumwita. Tuliizungushia bolti ule utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, tukairudisha, tukafuta. Usiku tuliamka mara mbili kutazama chini kwa tochi, wala hatukuona tone. Asubuhi tukamrudishia mama pikipiki yake, akatuombea dua, nasi tukaitikia amina bila kusema neno.

Siku ya nne kijana alirudi jioni akiisukuma. Injini ilikuwa imekufa katika barabara ya vumbi, haizunguki hata kwa kupigwa kiki. Baraza yote ikaingia katika uchunguzi. Mmoja akasema ameuziwa oili ya bandia. Mwingine, amebeba mzigo mzito. Wa tatu akalaumu pistoni. Nasi tupo hapo hapo, tasbihi mkononi, twasikiliza. Hatimaye mmoja wao akalala chini, akapitisha kidole, akavuta kijipande cha utepe.

"Nani alifungua hapa?"

"Mimi sikufungua," akasema kijana. "Mara ya mwisho oili ilibadilishwa na..." Akanyamaza, akatazama chini, kwa adabu.

Katika kimya kile nafsi ilifanya kazi yake. Mlango wa ariya tumeufundisha mara nyingi: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kitu cha kuazima kikiharibika ni juu ya aliyeazima, ila kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoazima deraya za Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, aliziazima kwa dhamana. Lakini hapo nafsi ikakumbuka kwamba kwa Imamu Abu Hanifa ariya ni amana, na mwenye amana halipi asipovuka mipaka. Tazama jinsi sheikh wa Kishafi awezavyo kuwa Mhanafi kwa dakika mbili chini ya mwarobaini! Na mipaka tulikuwa tumeivuka, kwa supana.

Tukasema, "Ni sisi." Hakuna aliyecheka.

Magharibi ile tulikwenda kwa mama kumtaka radhi na kumwahidi gharama. Alisikiliza hadi mwisho. "Langu nimekusamehe, Maalim," akasema. "Lakini pikipiki aliiacha marehemu, na mirathi hatujagawa. Wadogo bado hawajabaleghe. Fungu lao siwezi kulisamehe mimi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na zile siku nne mwanangu alikuwa akipakia watu."

Tulikuwa tumekwenda na jawabu la ariya, kumbe mali ya yatima haitolewi ariya hata na mlezi wake, na swali hilo lilitupasa sisi kuliuliza kabla ya kupokea funguo. Tulilipa silinda, pistoni, kutiwa meno mapya, na kodi ya safari yetu ya Kulamawe. Pikipiki ilikaa gereji siku kumi na moja. Katika siku hizo mke wetu, bila kutuuliza, alipeleka unga na mafuta nyumba ile.

Mirathi ilikwisha kugawanywa, na kila mtoto fungu lake limeandikwa. Mwezi uliopita tulipata tena safari ya Kulamawe. Mama alileta funguo mwenyewe hadi mlangoni, akataja kodi ya siku, akapokea, akahesabu.

"Oili imebadilishwa juzi, Maalim," akasema. "Usiiguse."