Konya: Nchi ya Kiazi-Sukari na Maji Yanayokimbia

Kusini mwa mji wa Ankara, katika nchi ya Uturuki, kuna uwanda mpana ulioinuka kadiri ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Huo ndio uwanda wa Konya. Msafiri atokaye Ankara kwa treni ya mwendo wa kasi, iliyoanza safari zake mwaka 2011, hufika huko kwa muda usiotimia saa mbili. Wengi wa wageni huenda kuzuru kaburi la Maulana Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273, ambalo kuba lake la kijani huonekana kutoka mbali. Lakini mwenye kutoka nje ya mji hukutana na jambo jingine la kustaajabisha: mashamba yasiyo na mwisho, yaliyostawi katika nchi kavu.

Mvua ya Konya ni haba. Kwa mwaka mzima hunyesha kadiri ya milimita 300 tu, na wakati wa kiangazi, mimea inapokuwa na kiu kubwa, huwa karibu hakuna. Tena maji ya bonde hilo hayana njia ya kufika baharini. Kinachonyesha milimani huteremka uwandani, kikazama katika mawe ya chokaa, kikakaa humo. Akiba hiyo ya chini ya ardhi ndiyo iliyoipa nchi hiyo neema yake.

Zao mashuhuri la hapo ni kiazi-sukari. Mmea huu ni ndugu wa bitiruti nyekundu ijulikanayo sokoni, ila mzizi wake ni mweupe, mnene, na kadiri ya asilimia 16 ya uzito wake ni sukari. Mwaka 1747 mwanakemia wa Berlin, Andreas Marggraf, alithibitisha kwamba sukari hiyo ni ile ile ya muwa. Hivyo nchi za baridi, ambazo muwa haukubali kuota, zikapata sukari yao wenyewe. Uturuki ilifungua viwanda vyake vya kwanza huko Alpullu na Uşak mwaka 1926. Konya ikapata chake mwaka 1954, na Çumra mwaka 2004.

Mbegu hupandwa majira ya kuchipua, na mavuno huanza majira ya kupukutika majani. Wakati huo malori na matrekta hupanga foleni kiwandani. Mizizi huoshwa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa katika maji ya moto ili sukari itoke, kisha maji hayo husafishwa na kuchemshwa mpaka sukari igande. Makapi hayatupwi, hulishwa ng'ombe. Kwa hiyo familia ya mkulima hupata fedha ya sukari na chakula cha mifugo kwa pamoja.

Taabu iko katika maji. Kiazi-sukari hukaa shambani miezi sita au zaidi, nacho hunywa sana. Mkulima akihitaji kuupa mmea milimita 600 za maji, basi kila hekta moja inataka lita milioni 6. Akiyapitisha katika mifereji, sehemu kubwa huzama chini kupita mizizi au huvukizwa na jua, hata alazimike kuvuta kisimani lita milioni 10 hivi. Akitumia umwagiliaji wa matone, yaani mipira myembamba yenye vitundu inayolazwa kando ya mistari ya mimea, lita milioni 6 na nusu au 7 hutosha.

Faida ya matone si hiyo tu. Majani hubaki makavu, na maradhi ya ukungu hupungua. Mbolea huyeyushwa katika maji ikafika penye mzizi. Mkulima anaweza pia kupunguza maji kwa kipimo wiki chache kabla ya mavuno, ili utamu wa mzizi usizimuliwe. Ni kweli kwamba mipira ni ghali, vitundu huziba kwa mchanga na chumvi, na kazi ya kuitandika na kuikusanya kila msimu ni nzito. Hata hivyo Serikali ya Uturuki iliwasaidia wakulima kwa mikopo na ruzuku, na wengi wakaipokea njia hiyo.

Je, maji ya chini yameongezeka? La. Katika sehemu nyingi za Konya yanaendelea kushuka, kadiri ya mita moja au zaidi kwa mwaka. Sababu si ngumu kuifahamu. Mkulima aliyekuwa na hekta 2 zilizokunywa lita milioni 20 kwa mifereji, sasa kwa maji yale yale anaweza kulima hekta 3. Hekta ya tatu hupandwa mahindi au kiazi kingine. Kisima kinavuta kama jana, lakini maji yale ya mifereji yaliyokuwa yakizama na kuirudia akiba hayapo tena. Shamba limeweka akiba, nchi haikuweka.

Hapo sheria huingia. Tangu mwaka 1960 maji ya chini ya ardhi nchini humo ni mali ya dola, na kuchimba kisima kirefu kwataka kibali. Lakini maelfu kwa maelfu ya visima vimechimbwa bila kibali, na kumzuia mtu asinyweshe shamba linalowalisha watoto wake si kazi nyepesi. Dola pia ilichimba Mfereji wa Bluu, njia ya kilomita 17 kupita ndani ya milima, ili kuleta uwandani sehemu ya maji ya mto Göksu uendao Bahari ya Mediterania. Msaada huo ni mkubwa, lakini haukulipa deni lote.

Alama za deni hilo zinaonekana wazi wilayani Karapınar. Maji yakiondoka, mapango ya chini hukosa nguzo, na ardhi hudidimia ghafla. Mashimo hayo ya mviringo wenyeji huyaita obruk. Ya kale yapo tangu zamani za misafara ya ngamia. Mapya yamekuwa yakifunguka mwaka hata mwaka, mengine katikati ya mashamba. Ziwa la Meke, lililokuwa fahari ya wilaya hiyo, limekauka. Na katika Ziwa la Chumvi, kaskazini zaidi, maelfu ya makinda ya heroe yalikufa kiangazi cha mwaka 2021 maji yalipowakimbia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hiyo ndiyo sifa ya umwagiliaji wa matone. Lakini walisema pia bandu bandu huisha gogo. Mpira wa matone ni chombo chema, na nchi yoyote yenye kiangazi kirefu itafaidika nacho. Ila kabla ya kuhesabu matone yanayofika shambani, yapasa kuhesabu ndoo zinazotoka kisimani, na kukubaliana wote kwamba hazitazidi kile ambacho mvua hurudisha.